Kurudi kwenye baiskeli ukubwani: maswali ninayoulizwa kila siku

Nilirudi kwenye baiskeli nikiwa na miaka 43 na kilo 96, ofisi yetu iko ghorofa ya pili na nilikuwa nafika juu natweta mpaka dada wa mapokezi ananisogezea kiti. Sasa hivi naenda kazini kwa baiskeli siku tatu au nne kwa wiki, Mbezi Beach mpaka Mikocheni, kama kilomita 9 na ushee, na kila nikiipaki lazima kuna mtu ataniuliza kitu. Maswali ni yale yale. Nimechoka kuyajibu nikiwa na jasho puani ndo maana nimeyaweka hapa yote. Mimi si daktari wala mwanariadha, ni mhasibu mwenye kitambi kinachopungua kwa kusuasua.

Sijapanda baiskeli tangu nasoma, bado nitaweza kweli?

Utaweza. Mimi nimekulia Shinyanga, kule baiskeli si mchezo, ni usafiri, baba alikuwa na Phoenix nyeusi yenye dainamo inayosugua tairi ukikimbia ndo taa inawaka, na sisi tulijifunzia hiyo hiyo tukiwa hata siti hatuifikii, unapenyeza mguu katikati ya fremu chini ya lile bomba la juu unapiga pedeli umejipinda kama ndizi, unaenda hivyo mpaka dukani unarudi na kibiriti na chumvi. Alafu nikaja Dar, chuo, kazi, gari, na miaka kama 16 ikapita sijagusa.

Siku ya kwanza kurudi nilienda kiwanja cha mpira cha mtaani saa 12 asubuhi watoto hawajaamka, nikianguka nianguke peke yangu. Sikuanguka. Balansi mwili unaikumbuka, kilichosahau ni mapafu na makalio. Ila kabla hujaingia barabarani zunguka hapo kiwanjani mpaka uweze kugeuza shingo kuangalia nyuma bila baiskeli kuyumba, na uweze kuachia mkono mmoja kuonyesha unapokata. Na breki, zoea kubana zote mbili kwa pamoja taratibu. Ya mbele ndo yenye nguvu lakini ukiibana peke yake kwa hofu kwenye mteremko, baiskeli inabaki wewe unaendelea na safari.

Wewe visingizio uliviacha vipi? Mimi kila siku naanza Jumatatu.

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni vipuri.

Mimi baiskeli nilikuwa nayo stoo muda wote, imening'inia msumarini, tairi zimelala, juu yake kuna ndoo za rangi na neti ya zamani. Kila Januari naiangalia. Kila Januari naanza "mwezi ukikatika". Mke wangu siku moja akanipa daftari la watoto lililobaki kurasa chache akasema baba watoto, kila siku usipoenda andika sababu, mimi sisemi kitu, wewe andika tu. Nikaona ni utani lakini nikaandika mwezi mzima, na baada ya mwezi nikakaa nikasoma.

Aisee. Nilitegemea nitakuta uvivu, kuchoka, kazi nyingi. Nilichokuta ni "tairi la nyuma laini", "tairi laini", "pampu kaazima jirani", "shati halijapigwa pasi", "mawingu" (siku hiyo mvua haikunyesha, niliandika na hilo kwa kalamu nyekundu), "sijaona soksi", "tairi". Yani tairi lilitokea mara saba! Mtu mzima na familia yangu nazuiwa kuwa fiti na tyubu yenye tundu dogo kama la sindano.

Sasa hapo nikaelewa kitu ambacho ndo namwambia kila mtu. Saa 11 na nusu alfajiri mtu hana akili ya kubishana, anatafuta sababu ya kwanza iliyo karibu arudi kulala, sasa wewe kazi yako ni kuhakikisha asiikute. Kwa hiyo usiku kabla ya taarifa ya habari kuisha mimi nakuwa nimebonyeza tairi zote mbili kwa kidole gumba, nimejaza chupa ya maji, nguo za kuendeshea ziko juu ya kiti cha sebuleni na za ofisini ziko kwenye begi. Baiskeli imetoka stoo, inalala ukumbini karibu na mlango, mke alilalamika wiki ya kwanza kuhusu alama za tairi kwenye ukuta, tukaweka boksi. Asubuhi sifikirii, navaa kilichopo na kutoka, nikija kushtuka niko Africana.

Siku mbaya bado zipo. Ila visingizio vya sasa ni vya kweli, kama mtoto kuumwa, na hivyo haviumizi roho.

Ile baiskeli yangu ya zamani inafaa au ninunue mpya?

Anza na hiyo hiyo. Watu wengi wanaosubiri baiskeli nzuri wanasubiri baiskeli nzuri mpaka leo. Ya kwangu niliipeleka kwa fundi pale kituoni, anakaa chini ya mwembe na karai lake la maji, akaitazama akacheka, akasema "bosi hii ulikuwa unaanikia nguo?" Tukabadilisha tyubu mbili, cheni, raba za breki na waya zake, akafungua ekseli akatoa gololi akaosha kwa mafuta ya taa akapaka grisi mpya. Jumla na ufundi elfu 40 na chenji kidogo. Hela ya mafuta ya gari niliyokuwa naweka kwa siku chache tu.

Kama huna kabisa, mtumba zipo za kutosha, zile za Kijapani zenye kikapu mbele na gia tatu ni ngumu na hazina mambo mengi, kwa barabara tambarare kama za huku pwani zinatosha sana. Kama unakaa Goba, Madale au Makongo kwenye vilima tafuta yenye gia nyingi usije ukawa unasukuma kila siku. Vipuri Kariakoo utapata karibu kila kitu.

Unapokagua ya mtumba usidanganyike na rangi. Inyanyue gurudumu uzungushe uone kama rimu inapepesuka. Shika pedeli uisukume kushoto na kulia, ikicheza ujue beringi za katikati zimeisha. Angalia fremu pale bomba zinapoungana, ukiona mstari wa kutu mwembamba kama unywele au alama ya kuchomelewa, iache, hata akikupunguzia nusu. Na panda kabla ya kulipa, ukubwa wa fremu hauna fundi.

Makalio yanauma vibaya sana, ni kawaida?

Wiki mbili za kwanza ni kawaida. Ile mifupa ya kukalia inahitaji kuzoea, na haitazoea ukipumzika siku kumi kumi, nenda kidogo lakini mara kwa mara. Ikizidi wiki tatu shida ni siti. Watu wanakimbilia kununua siti pana laini kama kochi, kumbe laini sana ndo inakufinya zaidi safari ikiwa ndefu kwa sababu unazama.

Cheki urefu kwanza. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukija kuweka sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Waendeshaji wengi wa mjini siti ziko chini mno kwa sababu wanataka wakisimama miguu yote ikanyage chini, matokeo yake magoti yanapanda mpaka kifuani na baada ya mwezi wanasema baiskeli inaharibu magoti. Sawazisha siti, usiinue pua yake juu (wanaume mtanielewa). Chupi yenye mshono mnene katikati nayo ni adui, kwenye hilo sitaongeza neno.

Nianze na umbali gani?

Dakika 20, mara tatu kwa wiki, karibu na nyumbani. Najua utaona ni kidogo, ndo vizuri, urudi ukiwa na hamu. Kosa nililofanya mimi Jumamosi ya pili niliungana na vijana wanaoenda Bagamoyo, kilomita 60 hivi kutoka Mwenge, nikasema nitafika Bunju nirudi, ila kwa kiburi nikapitiliza mpaka Mapinga. Kurudi nilipakia baiskeli kwenye bajaji ya mizigo na wiki nzima iliyofuata nilishuka ngazi kinyumenyume.

Kipimo rahisi cha kasi ni mdomo. Kama unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata lakini kuimba huwezi, hapo hapo ndo penyewe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ukigawanya unaona kwenda na kurudi kazini siku chache tu inatimia bila kwenda jimu. Kila wiki ongeza kidogo, wiki ya nne ipumzishe kidogo, basi. Na usikanyage gia nzito eti ndo mazoezi, weka nyepesi miguu izunguke haraka haraka, magoti yatakushukuru.

Nina presha / sukari / miaka imeenda. Naruhusiwa?

Muulize daktari wako kabla, hasa kama unatumia dawa au hujafanya zoezi lolote miaka mingi. Wa sukari mwenye sindano au vidonge vinavyoshusha, ongea naye kuhusu kula kabla na kubeba kitu kitamu mfukoni, ukishuka ghafla uko barabarani si mchezo. Na kwa kila mtu: kifua kikibana, maumivu yakienda bega au taya, kizunguzungu, moyo kupiga ovyo, hapo unashuka na kutafuta msaada, sio unasema nimalizie tu kona ile. Mimi presha yangu ilikuwa inachungulia, daktari akasema endesha, na rudi tupime. Sitasema imeshuka kwa sababu ya baiskeli peke yake maana na chumvi nilipunguza.

Nitapungua kilo ngapi?

Mnapenda sana hili. Miezi mitatu ya kwanza mimi sikupungua hata kilo moja, kwa sababu nikifika ofisini nilikuwa najipongeza na supu, chapati mbili na soda. Saa moja ya mwendo wa kawaida kwa mtu wa kilo 80 hivi inachoma labda kalori 400 mpaka 550, na chapati mbili za mafuta ukijumlisha soda zinarudisha yote na chenji. Hesabu hii kwa mhasibu ilikuwa aibu.

Nilivyohamia kwenye viazi vya kuchemsha au uji mzito na ndizi na kuacha soda siku za kazi, ndo mzani ukaanza kusogea, sasa niko 87. Lakini kabla hata ya mzani nilishaona mambo mengine, nalala kama gogo, ngazi za ofisini napanda naongea na simu, mkanda umeingia matundu mawili. Ukipima mafanikio kwa mzani peke yake utakata tamaa wiki ya tatu.

Watu hawatanicheka? Bosi mzima kwenye baiskeli.

Watakucheka, tena karibu wote watauliza kitu kimoja, "vipi mzee, gari limeuzwa?" Mlinzi wa ofisini kwetu siku ya kwanza alinizuia getini akanielekeza mlango wa wauza vocha. Jirani yangu, mtu wa heshima kabisa, alimvuta mke wangu pembeni akamuuliza kama mambo nyumbani yako sawa na kama tunahitaji kuchangiwa. Shemeji yangu alinitumia elfu 50 kwenye simu bila maelezo. (Sikuirudisha, nilinunua taa ya mbele.)

Hapa Dar baiskeli ni ya muuza mkaa, muuza mikate na fundi viatu, ukipanda mtu mwenye laptopu watu wanachanganyikiwa hawajui wakuweke wapi. Mimi hili ndo lilinitesa kuliko kilima chochote, nisikudanganye. Wiki za mwanzo nilikuwa nazunguka njia za ndani ili nisipite pale kituoni wanapokaa wanaonifahamu, naongeza kilomita mbili kwa ajili ya aibu tu. Kwetu Shinyanga mwalimu mkuu anaenda shule na baiskeli, nesi anaenda na baiskeli, mama anabeba gunia la mpunga na mtoto juu, hakuna anayeuliza nani kauza nini, sasa mimi huyo huyo nikifika Mbezi Beach najificha?

Dawa yake niliipata bila kutafuta. Asubuhi moja kulikuwa na foleni ya kufa mtu, magari yamesimama, na mimi napita taratibu pembeni, nikampita yule yule jirani kwenye gari lake amekunja uso anaangalia saa. Nikampungia mkono. Nilifika, nikaoga, nikanywa chai, nikajibu barua pepe nne ndo nikasikia foleni imeachia. Jioni alinikuta getini akaniuliza baiskeli inauzwa shilingi ngapi.

Barabara za Dar na hizo daladala, huogopi?

Naogopa, na wewe uogope kiasi. Nimeshagongwa na kioo cha bajaji begani maeneo ya Kawe, alikuwa anakwepa shimo hakuniona, nikaingia mtaroni na baiskeli, nikatoka na goti lililochubuka na tope mpaka masikioni, dereva alisimama, akaniomba radhi, akanisaidia kunyoosha usukani kwa kubana tairi kati ya magoti yake. Tangu siku hiyo nimebadilisha vitu kadhaa.

Siendeshi tena nikiwa nimejibana kabisa ukingoni. Ukingoni kuna mchanga, chupa zilizovunjika, mifuniko ya mitaro ambayo haipo na ukikwepa kimojawapo unamwingilia mtu ghafla. Nakaa kama mita moja kutoka ukingo ili nionekane na nibaki na pa kukimbilia. Daladala ikikupita na mbele kuna kituo, tayari ujue inakuja kukukata, punguza mwendo usishindane nayo, konda akining'inia mlangoni mkono nje ndo indiketa yenyewe. Gari lililopaki, acha upana wa mlango. Boda zinatoka upande wowote ikiwemo ule ambao barabara haina. Lori la mchanga mimi namuachia barabara yote, nashuka.

Njia ya mwendokasi usiingie hata ikiwa tupu, yale mabasi hayakwepi. Ile njia ya pembeni Morogoro Road iliyotengwa kwa baiskeli ipo, itumie, lakini utakuta wenye viatu vya mtumba wameipanga vizuri kabisa na pikipiki nazo zimehamia, kwa hiyo ni ya kuvumiliana.

Helmeti vaa. Taa nyekundu nyuma washa hata asubuhi, na ile nguo ya kung'aa wanayovaa wa ujenzi haina gharama kubwa. Hedifoni hapana! Masikio ndo kioo chako cha nyuma.

Nikipata pancha njiani?

Utapata, hivyo jifunze kuziba mwenyewe, ni dakika 20 na inakuondolea kisingizio kikubwa (rudi kwenye daftari langu). Beba tyubu ya akiba, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo na sipana kama gurudumu lako ni la nati.

Toa gurudumu, achia upepo wote, chomoa tairi upande mmoja, vuta tyubu. Ijaze upepo kidogo uipitishe karibu na shavu lako, utasikia inapulizia, au izamishe kwenye maji uone mapovu. Weka alama. Kausha, paruza na msasa mpaka ule mng'ao uishe, paka solusheni nyembamba, ALAFU SUBIRI. Hapa ndo wote tunakosea, tunabandika kiraka gundi ikiwa mbichi. Subiri ikauke mpaka ukigusa kidole hakinati sana, ndo unabandika na kukandamiza kwa nguvu. Kabla hujarudisha tyubu pitisha vidole ndani ya tairi lote taratibu, kuna kitu kimechoma na mara nyingi bado kipo hapo, huku kwetu ni tuwaya tudogo tunaobaki barabarani tairi za magari zikichomwa moto, macho hayauoni ila kidole kinauona. Mimi niliwahi kuziba tundu moja mara tatu asubuhi moja kwa sababu ya huo uvivu wa kupapasa.

Upepo wa kiasi gani, kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tyubu hata nzima inapoteza upepo yenyewe kidogo kidogo, kwa hiyo jaza kila wiki. Kwenye kompresa ya gereji uwe mwangalifu, inajaza haraka sana na tyubu ya baiskeli inapasuka kama bunduki, pale sheli wote watalala chini.

Jasho je? Nafika ofisini nanuka.

Jasho jipya halinuki, linanuka likikaa. Nafika dakika 25 kabla, napoa kwanza nje kivulini (ukioga ukiwa wa moto utatoka jasho tena ndani ya shati), kisha bafuni na taulo dogo. Kama ofisi haina bafu, ndoo ndogo na kitambaa chooni inatosha, nimefanya hivyo miezi mitano. Jumatatu naenda na gari nikiwa na mashati matano yaliyopigwa pasi, yanabaki kabatini. Begi usivae mgongoni, funga kwenye keria, mgongo ukauke.

Alafu toka mapema. Huku jua linachomoza kama saa 12 mpaka na nusu, ukitoka linapochungulia tu unaendesha kwenye ubaridi. Desemba mpaka Februari ukisubiri saa 2 utaiva.

Na mvua? Na upepo?

Masika, Machi mpaka Mei, mimi nakubali kupunguza. Manyunyu naenda, mvua ya maana siendi kwa sababu mashimo yanajaa maji na huoni kina chake, dimbwi la leo jana lilikuwa mtaro. Rimu zikilowa breki za raba zinachelewa kushika, anza kubana mapema. Ukifika nyumbani futa cheni, tia mafuta kidogo ya maji maji ya cherehani au ya cheni, usipake grisi nzito nje, inakamata mchanga inakuwa msasa. Ukikaa karibu na bahari kutu haikusubiri.

Upepo ndo kilima cha watu wa pwani. Miezi ya kaskazi jioni narudi nyumbani unanipiga usoni njia nzima, miezi ya kusi unanisukuma kama mtu kanishika kiuno. Ukitaka kuujua vizuri nenda Daraja la Tanzanite jioni, pale ni kilomita moja tu juu ya maji lakini siku mbaya unaona kama halina mwisho.

Mimi ni mwanamke, ushauri ni huo huo?

Nimemuachia mke wangu ajibu, ameanza miezi minne iliyopita: "Mwili ni huo huo, shida ni midomo ya watu. Nilianza na dada wa nyumba ya pili, wawili hawapigiwi miluzi kama mmoja. Sketi ndefu na dera zinaingia kwenye cheni, vaa suruali au taiti ndani na gauni la magotini juu, au tafuta baiskeli ya fremu ya chini yenye kifuniko cha cheni. Sidiria ya mazoezi nunua nzuri. Na msikubali mume awafundishe, mtagombana naye, jifunze na mwenzako."

Wezi?

Funga fremu pamoja na gurudumu kwenye chuma kisichong'oka, watu wanafunga gurudumu la mbele tu wanarudi wanakuta gurudumu la mbele tu. Usiku ilale ndani.

Nikikosa wiki nzima?

Unaanza siku inayofuata, haijalishi ni Jumatano. Usingoje Jumatatu, usingoje tarehe 1, usijilipize kwa kwenda mara mbili. Nilikosa wiki tatu nzima msimu wa kufunga mahesabu ya mwaka, nikarudi, nikahema kama mwanzo siku mbili, ya tatu mwili ukawa wangu tena.

Naweza kuja na wewe siku moja?

Njoo. Jumamosi tunatoka saa 11 na dakika 45 alfajiri pale kwa muuza kahawa karibu na kituo, tunaenda mdogo mdogo mpaka Coco Beach na kurudi, tuko wanne na mmoja ana miaka 61 na ndo anayetuacha. Bonyeza tairi zako Ijumaa usiku. Ukichelewa hatukusubiri, ila kashata utatukuta nazo tukirudi.